MREJESHO: Msangamkuu kwa miguu, kisha uraka

Niliuliza kama mtu anaweza kutembea ufukwe wa Msangamkuu, ng'ambo ya maji kutoka Mtwara mjini, na mwongozaji, aonje uraka (pombe ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho), na jioni arudi kulala Mtwara mjini. Inawezekana, ila ratiba anaipanga bahari. Chagueni bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu: maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, basi vukeni mapema kwa kivuko cha Feri mtembee yakiwa yanatoka. Siku za maji mafu, yasiyopwa sana, mchanga mgumu ni mwembamba, mnabaki kuzama kwenye mchanga laini na miguu inachoka haraka. Ndala hapana, matumbawe yanachana. Maji ya kunywa lita tatu kila mtu. Msimbati, ufukwe mwingine mliyonishauri, ni nzuri, lakini ni mbali na gari dogo linanasa mchangani.

Uraka ni wa msimu wa mabibo, kuanzia Oktoba hivi. Juisi ya asubuhi bado tamu. Ikilala usiku mmoja imeshachacha, ikizidi hapo ni chachu tupu. Msikaze kifuniko cha chupa, gesi itaipasua. Ukakasi kooni ni kawaida, na doa la bibo halitoki nguoni. Wakileta gongo, pombe kali ya kienyeji, kataeni, ni haramu kisheria.