Chama cha kufa na kuzikana: tutunze wapi kumbukumbu zetu bila malipo, WhatsApp, Telegram, Facebook au Google Drive?

Katibu_Usangi

Ndugu wanachama wa jukwaa hili, nawasalimu. Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha watu wa Usangi tunaoishi Dar es Salaam, ingawa wanachama wetu wengine wametawanyika Mombasa, Kampala, Dubai na Marekani. Kwa miaka sita shughuli zetu zote zimepitia kundi moja la WhatsApp: taarifa za misiba, mihtasari ya vikao, orodha za michango, picha za mazishi, na sauti za wazee wakieleza koo zetu zilivyopanda milima ya Upare. Mwezi uliopita niliibiwa simu ndani ya daladala. Laini nilirudishiwa siku ileile na kundi likarejea, lakini yaliyokuwa ndani hayakurejea, kwa sababu sikuwahi kuwasha nakala rudufu, yaani nakala ya akiba, na wenzangu wengi walikwisha kufuta picha na sauti ili simu zao zipate nafasi. Sauti ya mzee wetu mmoja aliyefariki mwaka jana, akihesabu vizazi tisa vya ukoo wake, hadi sasa haijapatikana kwa mtu yeyote.

Fedha za chama ni za sanda, jeneza na gari la kupeleka mwili nyumbani, hivyo hatuwezi kulipia huduma ya kila mwezi. Naomba mnisaidie kulinganisha huduma hizi za bure kwa mambo matatu: ipi inafunguka kwa mzee mwenye simu ya bei ndogo, ipi inatunza kweli, na ipi itaturuhusu kuchukua vitu vyetu siku tutakapotaka kuhama.

Fundi_Kisauni

Pole sana, Katibu. Nadhani ni vyema kwanza ueleweke mfumo wenyewe, kwa maana ulinganisho wote unasimama hapo. WhatsApp ni mpeleka barua, si ghala. Ujumbe ukishafika kwenye simu ya mpokeaji hufutwa kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni, na usiofika husubiri siku 30 tu. Ghala lako ni simu yako, na ikipotea pasipo nakala rudufu, ghala nalo limekwenda. Telegram, iliyoanzishwa mwaka 2013 na ndugu wawili wa familia ya Durov, imejengwa kinyume chake: mazungumzo ya kundi hukaa kwenye seva zao, nawe ukiingia kwa simu mpya unayakuta yote, pamoja na mafaili ya miaka ya nyuma. Hata mwanachama aliyejiunga leo anaweza kusoma ya zamani, msimamizi akiruhusu.

Kwa ukubwa wa faili huduma hizi mbili hazitofautiani sana, kwani kila moja inakubali faili la hadi GB 2. Kundi la WhatsApp hubeba watu 1,024 na la Telegram watu 200,000, tofauti ambayo kwa chama cha mazishi haina maana yoyote. Jambo ambalo ni lazima ulijue ni usiri. WhatsApp husimba ujumbe, yaani huugeuza usisomeke na mtu wa kati, tangu simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na imefanya hivyo kwa watumiaji wote tangu mwaka 2016. Telegram haifanyi hivyo kwa makundi. Usimbaji wa namna hiyo upo tu kwenye mazungumzo ya siri ya watu wawili. Kwa hiyo kinachokupa faida ya kutunza ndicho kinachokupunguzia usiri. Mimi ningechukua Telegram kwa ajili ya picha, sauti na mihtasari.

Mwalimu_Mstaafu_Voi

Kijana wangu wa Kisauni ameeleza vizuri, ila nina mambo mawili ya kuongeza. La kwanza, huku kwetu Kenya Telegram ilivurugika wakati wa mitihani ya kumaliza sekondari, KCSE, mwezi Novemba 2023, ikavurugika tena Novemba 2024, kwa sababu ilidaiwa kwamba wezi wa mitihani waliitumia kusambaza karatasi. Msiba haungoji mitihani iishe. Chombo cha kutangazia kifo hakiwezi kuwa kile ambacho nchi moja inaweza kukizima kwa sababu zisizotuhusu.

La pili ndilo zito zaidi, nalo ni bando. Tunasema huduma hizi ni za bure, lakini mzee wa mlimani halipii huduma, analipia data. Wengi hununua kifurushi cha WhatsApp peke yake kwa sababu ndicho cha bei nafuu, na ukimtumia kiungo cha Drive au cha YouTube kinakwama, au kinammalizia salio lake la kawaida kwa dakika chache. Nimeliona hili katika chama cha walimu wastaafu: mweka hazina alihamisha taarifa zote kwenye Drive kwa nia njema kabisa, na waliosoma mihtasari wakabaki wale wenye intaneti ya ofisini. Wengine walianza kuhisi kwamba kuna jambo linafichwa, na kuwatuliza kulituchukua vikao viwili. Katibu, kabla hujachagua, waulize wanachama wako wanunua kifurushi gani. Jibu lao litakuongoza kuliko sifa yoyote ya programu.

Mama_Neema_Kampala

Mwalimu, shikamoo. Umenena kweli. Mimi ni Mpare niliyeolewa Uganda, na nasema kwa niaba yetu tulio huku: Facebook iondoeni kabisa kwenye hesabu. Tangu uchaguzi wa Januari 2021 haifunguki Uganda bila VPN, yaani programu ya kupita vizuizi vya mtandao, na siku za uchaguzi ule intaneti yote ilizimwa kwa takriban siku tano. Tuliofiwa wiki hiyo tulirudi kwenye simu ya kawaida na ujumbe mfupi, kwa hiyo naomba chama kisiache kuwa na daftari la namba za simu lililoandikwa kwa mkono.

Lipo jambo jingine kuhusu Facebook ambalo wengi hawajalijua. Tangu Februari 2025 video zinazorushwa mubashara hutunzwa kwa siku 30 tu, kisha hufutwa. Sisi tulio mbali huwa tunaangalia mazishi kwa njia hiyo, tukiamini yatabaki. Anayetaka kuyatunza inampasa ayapakue mapema.

Mpwa_wa_Dubai

Shikamooni wakubwa. Kuhusu mazishi ya mubashara, sisi tumehamia YouTube. Video huwekwa katika hali ya kutoorodheshwa, maana yake haionekani kwa anayetafuta, bali kwa aliyepewa kiungo tu, na matangazo yasiyozidi saa 12 hubaki kwenye chaneli yenyewe yakimalizika. Ugumu wake ni kwamba kurusha kwa simu kunataka chaneli yenye wafuasi 50, kwa hiyo chama kifungue chaneli leo na kuwaomba wanachama waifuate, badala ya kuhangaika siku ya msiba.

Kwa vikao, tafadhali msitegemee kupiga simu kwa WhatsApp, kwani hapa Falme za Kiarabu ujumbe unapita lakini simu zake zimezuiwa kwa miaka mingi. Zoom ya bure inachukua watu 100 kwa dakika 40, na Google Meet ya bure watu 100 kwa dakika 60. Dakika hizo 20 za ziada ndizo zinazokiwezesha kikao chetu kufika kwenye michango. Kwa Zoom tulikuwa tunakatwa wakati mweka hazina anaanza kusoma.

Mtunza_Nyaraka

Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka kwa muda mrefu, na swali la Katibu limenigusa, hivyo naomba mnivumilie nikiandika kwa urefu.

Katika maswali yake matatu, lile la mwisho, yaani kuhama, ndilo ningeliweka mbele. Huduma ya bure inaweza kufungwa au kubadilisha masharti, na haya yamekwisha kutokea mara nyingi. Yahoo Groups, ambako vyama vingi vya Waafrika walioko ughaibuni vilikuwa na barua pepe zao za pamoja, ilifuta yaliyokuwamo mwishoni mwa mwaka 2019, ikafungwa Desemba 2020. MySpace, mtandao wa kijamii wa zamani, ilikiri mwaka 2019 kwamba muziki uliopakiwa kabla ya 2015 umepotea wakati wa kuhamisha seva. Flickr, iliyokuwa ikitoa nafasi ya terabaiti nzima bure tangu 2013, ilibadilisha masharti baada ya kununuliwa na SmugMug, na kuanzia 2019 akaunti ya bure ina kikomo cha picha 1,000. Google Photos nayo ilipokea picha bila kikomo hadi tarehe 1 Juni 2021, ndipo ikaanza kuzihesabu ndani ya GB 15 ambazo kila akaunti hupewa kwa ajili ya Gmail, Drive na Photos kwa pamoja.

Pamoja na hayo, kwa nyaraka za ndani za chama bado naiona Google Drive kuwa bora kati ya zote zilizotajwa, kwa sababu mafaili hukaa kwa majina yao na kwa makabati yao, na kuna njia rasmi ya kupakua vyote kwa pamoja, iitwayo Takeout. Kwenye kundi la gumzo, hata likitunza kila kitu, muhtasari wa mwaka 2021 umefunikwa na maelfu ya salamu za asubuhi. Lakini akaunti iwe ya chama, isiwe ya katibu. Nimeshuhudia jumuiya ikipoteza kila kitu kwa sababu katibu alifariki na nywila ikaenda naye. Watu wawili au watatu waijue nywila, iandikwe na kuwekwa kwenye bahasha iliyofungwa pamoja na katiba ya chama, na mmoja wao aingie angalau kila baada ya miezi michache, kwa kuwa Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili.

Sauti za wazee kuhusu koo ni suala tofauti, kwa maana hizo si mali ya kamati, ni za wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Kwa hizo ningefikiria Internet Archive, maktaba isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, ambayo hupokea sauti na maandishi ya mtu yeyote bila malipo. Ilishambuliwa na wadukuzi Oktoba 2024, ikawa haipatikani kwa muda, kisha ikarejea. Wikimedia Commons pia ipo tangu 2004, lakini kila kinachowekwa pale lazima kiwe na leseni huru, maana yake yeyote anaweza kukitumia, hata kwa biashara. Mzee aelezwe hilo kwa lugha yake na akubali mwenyewe kabla ya kurekodiwa. Akisita, sauti ibaki kwenye Drive.

Orodha ya michango yenye majina na namba za simu isiwekwe hadharani popote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya na Uganda zina sheria zao tangu 2019. Hata kama kusingekuwa na sheria, mchango wa mtu msibani ni siri yake na wenzake.

Katibu_Usangi

Nashukuru sana, Mtunza Nyaraka. Nawaza kama GB 15 zitatutosha. Na je, nikiwaacha wazee WhatsApp na nyaraka zikiwa Drive, si tutarudia yale aliyoyaeleza Mwalimu?

Mtunza_Nyaraka

Sauti na mihtasari haitawamalizia nafasi. Nusu saa ya sauti ya WhatsApp haifiki MB 10. Zinazokula nafasi ni video, nazo zikae YouTube kama alivyoeleza Mpwa. Kuhusu wazee, msiwapeleke Drive hata kidogo. Muhtasari utumwe WhatsApp kama kawaida, wausome humo kwa kifurushi chao, na katibu auweke pia Drive siku hiyohiyo. Picha za muhimu zitumwe kama hati, si kama picha, kwa sababu WhatsApp hupunguza ubora wa picha za kawaida.

Fundi_Kisauni

Nakubali, na hoja yangu ya Telegram naiondoa kwa upande wa matangazo. Bado ningeongeza flashi moja inayokaa kwa mweka hazina, inakiliwe kila mwaka mkutano mkuu unapofanyika, kwani hiyo haihitaji bando wala ridhaa ya kampuni yoyote.

Katibu, kuhusu sauti ya marehemu mzee, usikate tamaa bado. Kwenye simu za Android sauti za WhatsApp hukaa katika kabrasha lake, liitwalo WhatsApp Voice Notes, na zimepangwa kwa mwaka na wiki. Mtu anaweza kufuta mazungumzo huku faili likabaki pale, ikiwa hakuchagua kufuta na mafaili yaliyomo. Waombe wanachama ambao hawajabadilisha simu tangu wakati ule, au walioziweka simu zao za zamani kabatini, wafungue kabrasha hilo na kutafuta wiki aliyoongea.

Mama_Neema_Kampala

Simu yangu ya wakati ule ninayo. Betri imekufa, iko kwenye droo tangu mwaka juzi. Katibu, mzee aliongea mwezi gani?

Katibu_Usangi

Aliongea Agosti 2022, Mama, wiki ile ya arobaini ya dada yake. Sauti ilikuwa ndefu, zaidi ya dakika kumi.

Fundi_Kisauni

Mama Neema, nakuomba sana usiiingizie laini, usiifungulie WhatsApp, wala usikubali fundi airudishe kwenye hali ya kiwandani. Badilisha betri tu, uiunganishe na kompyuta kwa waya, na unakili kabrasha zima la WhatsApp kabla ya kufungua chochote. Ukifika hapo niandikie.