Ulinganisho: silsila ipi ya upanga wa Japani imehifadhi mafunzo yake vizuri zaidi?

Mwanagenzi: Wakuu, nimecheza judo miaka 6, sasa nataka kuyaelewa mapokeo ya kale. Nalinganisha Katori Shinto-ryu, Yagyu Shinkage-ryu na yale yaliyobaki ndani ya judo yenyewe. Ipi imetufikia bila kuchujuka?

Kivuli: Katori, bila kusita. Iizasa Ienao aliianzisha karne ya 15 na uongozi ungali kwa ukoo wake. Anayeingia hula kiapo na kukitia damu yake kwamba hatamwonyesha mtu wa nje. Mwaka 1960 mkoa wa Chiba uliitambua kuwa urithi wa utamaduni. Lakini tazama kwa makini kata zao, yale mazoezi ya watu wawili yenye hatua zilizopangwa. Panga za mbao zinagongana ko! ko! ko! na unadhani mmoja anamkinga mwenzake. Kumbe wamesimama mbali makusudi. Wakikaribiana hatua moja, pigo lilelile linaingia kwenye kifundo cha mkono au shingoni, pale deraya isipofunika. Usipoambiwa hulioni.

Mwanaidi: Ndiyo hofu yangu. Wasioambiwa wakiwa wengi, kinabaki kugonganisha mbao. Kwa Yagyu, Kamiizumi Nobutsuna aliyempa Yagyu Munetoshi ijaza, hati ya kuhitimu, mwaka 1565 anasifiwa kwa fukuro shinai, mwanzi uliopasuliwa na kuvikwa ala ya ngozi. Kwa huo unampiga mwenzako kweli, naye anarudi kesho mazoezini. Umbali sahihi hausahauliki, mwili unaukumbuka. Tawi la Owari, Nagoya, wanautumia hadi leo.

Kivuli: Hapo umenigusa, dada.

Mzee wa Tatami: Mwanagenzi, usiidharau judo yako. Kano Jigoro, mwanzilishi wake, alisoma mapokeo mawili ya jujutsu, Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, kabla ya kufungua Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882, na kata ya Kito-ryu aliihifadhi kwa jina la Koshiki no kata. Ile miondoko mizito ni ya watu waliovaa deraya.

Ila nyote mmesahau mtu mmoja. Magombo mengi ya ijaza yameandikwa majina ya kata tu, huwezi kujifunza humo. Kwenye kata za upanga, upande wa kushindwa anakaa mkubwa, uchidachi. Yeye ndiye anayefungua nafasi, anayepima kasi, anayekubali kupigwa ili mdogo ajue pigo sahihi lina ladha gani. Mimi nisingeuliza kiapo wala gombo. Ningeuliza ni wangapi wanaoweza kukaa upande ule.

Mwanagenzi: Shikamoo mzee. Kwenye Koshiki no kata nimekuwa nikiwania kuwa anayeangusha. Jumamosi naomba upande wa pili.