Tupeane uzoefu: siku uliyogundua Genesis wamehamia pop

Wakuu habari, wapenzi wa rock ya zamani njooni. Mimi Genesis, ile bendi ya rock ya Uingereza, nimerithi kwa mjomba, alisoma Uingereza akarudi na santuri zake, jumapili tukishakula anaweka Foxtrot ya 1972 na hakuna kuongea mpaka Supper's Ready iishe, dakika 23 wimbo mmoja, unaanza na magitaa taratibu halafu unapanda unashuka mpaka Peter Gabriel, mwimbaji wao wa wakati ule, anapopaza sauti kule mwishoni mwili unasisimka. Nimeanza kushika hela yangu nikanunua kaseti ya Invisible Touch, ya 1986, nikijua ni walewale. Dramu za umeme, kiitikio, dakika tatu na nusu wimbo umeisha. Nikatoa kaseti nikasoma jina upya. Iliniuma jamani, na huo wimbo wa Invisible Touch ndio uliowapa namba moja Marekani. Nyie ilikuwaje?

———

Mkuu kwangu pengo ni Steve Hackett, mpiga gitaa wao. Gabriel kaondoka 1975 lakini albamu iliyofuata, A Trick of the Tail, bado imeshiba, Phil Collins katoka kwenye dramu kaja kuimba na bado ni Genesis kabisa. Hackett alipotoka 1977 lile gitaa linalolia likaenda naye, wakabaki watatu, mwaka uliofuata ikaja Follow You Follow Me. Wimbo mtamu, tumeucheza kwenye harusi yangu na mke wangu anaupenda mpaka leo, ila nikiusikia huwa namtafuta Hackett simpati.

———

Bendi ya Yes pia walihamia pop. Albamu yao 90125 ya 1983, niliisikiliza mara moja nikampa jirani.

———

Mimi niko Mombasa na nilikuja kinyume na nyinyi. Nilianza na Land of Confusion ya kwenye Invisible Touch, ile video ya vikaragosi vya Reagan, nikapenda, nikaanza kurudi nyuma albamu moja moja mpaka Selling England by the Pound, piano ya Tony Banks pale mwanzo wa Firth of Fifth ikanitoa machozi na sikuwa nimejua ni watu wale wale. Bila hiyo pop mnayoilaumu nisingefika huko. Halafu sikizeni Domino, iko humo humo ndani ya Invisible Touch, dakika kumi na zaidi.

———

Domino nakubali dada, ile sikuipa muda, niliizima kaseti kabla. Leo usiku naitafuta niisikilize yote.