Wisconsin 2024: Trump kashinda, Baldwin kashinda, siku moja karatasi moja. Hii imekaaje?

kapuku_mtafiti:
Wakuu habari za muda huu. Nilikuwa napitia matokeo ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024 jimbo kwa jimbo, nilipofika Wisconsin nikakwama. Trump wa Republican kapata 1,697,626, Harris wa Democrat 1,668,229, tofauti 29,397. Hapo sina neno. Ila siku hiyohiyo kwenye karatasi hiyohiyo kiti cha Seneti kakichukua Tammy Baldwin wa Democrat, kamwangusha Eric Hovde wa Republican, tena kwa tofauti ya kama elfu 29 vilevile! Sasa huyu mtu anayeingia kwenye kibanda anamwekea alama Trump halafu anashuka chini kidogo anamwekea alama Baldwin, ambaye ni mrengo wa kushoto haswa, ni mtu wa aina gani? Jamaa yangu mmoja kashikilia kwamba hapo ndo ushahidi kura zilichakachuliwa, na ananikumbusha ile ya jiji la Milwaukee 2020 usiku wa manane.

Na jingine, hili jimbo lina nini lakini? 2016 Trump kwa kura 22,748, 2020 Biden kwa 20,682, 2024 Trump tena kwa 29,397. Watu zaidi ya milioni 3 wanapiga kura halafu mshindi anapatikana kwa idadi ya watu wanaoenea kwenye uwanja mmoja wa mpira na viti vinabaki. Mwenye uelewa ashuke hapa.

mchambuzi_uchwara:
Mkuu, jamaa yako hajafanya hesabu, kaona majina mawili ya washindi basi akaruka moja kwa moja kwenye wizi. Chukua kalamu. Baldwin alipata kura kama 1,672,000 na ushee. Harris 1,668,229. Tofauti yao haifiki hata elfu 5. Kwa hiyo lile jeshi la watu waliompa Trump urais na kumpa Baldwin useneta, ukiangalia kwa jumla, ni dogo sana kuliko unavyodhani. Baldwin kapata karibu kilekile alichopata Harris.

Pengo liko upande wa pili. Hovde kapata kama elfu 53 PUNGUFU ya Trump. Hapo ndo pa kuchimba. Hao watu walikwenda wapi? Kuna waliompa Trump wakaacha nafasi ya Seneti wazi wakaondoka zao, maana ukijumlisha kura zote za Seneti zinapungua zile za urais kwa zaidi ya elfu 30. Na kuna waliowapa wagombea wadogo, wale wawili wa pembeni kwenye Seneti walikomba kama elfu 70 kwa pamoja, mmoja wao alikuwa anagombea kwa jina la America First, na mtu wa Trump asiyemjua Hovde akiona maneno hayo kwenye karatasi unategemea nini?

Kwa hiyo Trump ana watu wake binafsi. Wanakuja kwa ajili yake, mafiga matatu (kupa chama kimoja kura za ngazi zote) hawayajui wala hawayataki. Hovde ni tajiri wa benki ambaye Democrat walimpiga matangazo mwaka mzima kwamba ni mtu wa California, wale watu wakaona huyu si wetu.

Mzee Kifimbo:
Hesabu nzuri mkuu ila mmeruka lile la jamaa wa mtoa mada. Milwaukee 2020, watu wamelala Trump anaongoza, wanaamka Biden kapita. Kura kama 169,000 zinaingia kwa mkupuo saa tisa na nusu usiku. Mimi sio mtu wa kuamini kila kitu ila hilo nalo mlieleze, msituambie tu "hakuna ushahidi" kama wale wa kwenye tivii.

njiwa_manga:
Mzee Kifimbo shikamoo. Hilo linaelezeka vizuri tu na wala halihitaji tivii.

Wisconsin sheria yao hairuhusu kugusa kura zilizopigwa mapema na za posta kabla ya siku yenyewe ya uchaguzi, saa moja asubuhi vituo vinafunguliwa ndo na wao wanaanza kuchana bahasha. Miji mingi inazihesabia kituoni palepale pamoja na nyingine. Milwaukee wao wanazikusanya zote za jiji zima sehemu moja, wanazihesabu kwa mashine pale, wakimaliza ndo wanapeleka matokeo yote kwa pamoja. Sasa 2020 ni mwaka wa korona, Democrat wanawaambia watu wao pigeni kura kwa posta, Trump anawaambia wake msiamini posta nendeni kituoni. Bahasha laki 1 na elfu 69 za jiji ambalo Democrat wanashinda kila siku, zikitoka pamoja usiku wa manane, unategemea ziwe za nani? Na kila mtu aliyekuwa anafuatilia lile jimbo alijua wiki nzima kabla kwamba zitakuja usiku na zitakuwa za Biden. Ilitangazwa kabisa.

Halafu cha kuchekesha, uliletwa muswada wa kuruhusu waanze kuandaa bahasha Jumatatu, siku moja kabla, ili matokeo yatoke mapema. Ukapita bunge la chini ambalo wenye wingi ni Republican, ukafia kwenye seneti ya jimbo ambayo wenye wingi ni haohao Republican. Yaani watu wanalalamika kura zinatoka usiku huku dawa wanayo mfukoni.

Na Trump mwenyewe 2020 alilipa dola milioni 3 zirudiwe kuhesabiwa kura za kaunti mbili, Milwaukee na Dane, ngome za Democrat. Zikahesabiwa zote upya mbele ya mawakala wake. Matokeo: Biden akaongezeka kura 87. 2016 walirudia jimbo zima, safari hiyo aliyeomba ni Jill Stein wa chama kidogo cha Green, Trump akaongezeka 131. Ukiniuliza mimi hizo namba mbili ndo zinaonyesha ule mfumo ukoje, kura karibu milioni 3 unazihesabu mara mbili unakuta pengo limesogea kwa mia na kidogo.

Mzee Kifimbo:
Marahaba binti. Hiyo ya muswada sikuijua. Haya, Milwaukee nimewaachia, ila bado kura kuibuka usiku inaleta harufu.

njiwa_manga:
😂😂 basi Mzee wangu tafuta habari za kaunti ya Waukesha 2011. Uchaguzi wa jaji wa mahakama kuu ya jimbo, mgombea wa upande wa kushoto anaonekana kashinda kwa kura kama mia mbili, watu wameshashangilia, halafu siku mbili baadae karani wa kaunti anajitokeza anasema kuna mji mzima wa Brookfield alisahau kuuweka kwenye matokeo. Kura zaidi ya elfu 14! Zikageuza ushindi kwenda kwa Prosser, yule wa kulia. Hiyo ni kaunti ya Republican na wakahesabu upya ushindi ukabaki palepale, ulikuwa ni uzembe wa karani kwenye kompyuta tu. Kura za kuibuka hazina chama.

bint_ziwa:
Naomba nichangie kama mtu ninaeishi huku Madison, makao makuu ya jimbo. Watu wa nje wanaiongelea Wisconsin kama vile kuna kundi la watu katikati wanaoamka asubuhi hawajui wampe nani. Wapo lakini ni wachache mno. Mimi majirani zangu najua watampa nani mpaka siku wanakufa. Kinachobadilika ni wangapi wanatoka nyumbani, na kutoka wapi.

Angalia kaunti yetu ya Dane. 2016 Hillary Clinton wa Democrat aliongoza hapa kwa kama kura laki 1 na elfu 46. 2020 Biden kaongoza kwa laki 1 na elfu 81. Hapo umeshaongeza elfu 35 kaunti moja tu, wakati jimbo zima liligeuka kwa kama elfu 43. Kwa hiyo mkisikia Biden aliirudisha Wisconsin kwa kuwarudisha wafanyakazi wa viwandani mjue sehemu kubwa ya hadithi iko hapa kwa watu wa chuo kikuu, serikali ya jimbo na kampuni za kompyuta. Kaunti inakua kila mwaka, wanaohamia ni vijana wenye digrii.

Upande wa pili kuna zile kaunti tatu zinazozunguka Milwaukee, Waukesha, Ozaukee na Washington. Zamani ndo zilikuwa injini ya Republican. Bado wanashinda, ila Waukesha Romney wa Republican alichukua theluthi mbili 2012, Trump amekuwa anacheza kwenye asilimia 60 hivi, Ozaukee ndo imeshuka zaidi. Watu wenye hela na elimu ambao Trump anawakera.

Sasa alichopoteza huko kakipata wapi? Kusini magharibi, ile sehemu ya vilima na mabonde, kaunti kama Vernon, Crawford, Grant, Richland. Hao walimpa Obama! Tena 2008 na 2012 zote mbili. Ni wazungu wa vijijini, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na nyie mnaijua Wisconsin kwa jibini tu hamjui kwamba mashamba ya maziwa yameporomoka kutoka zaidi ya 15,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpaka chini ya 6,000. Shamba likifungwa shule inakosa watoto, duka linafuata, halafu mtu anakuja kutoka Madison kumwambia uchumi uko vizuri. 2016 wakageuka, na Clinton tangu ateuliwe na chama hakukanyaga Wisconsin hata mara moja, hilo huku halijasahaulika mpaka leo.

kapuku_mtafiti:
bint_ziwa umenifungua macho. Sasa kwa 2024 inamaana watu wa Democrat walibaki nyumbani? Manake hicho ndo nilichosikia kila mahali, kwamba Harris aliangushwa na watu wake kutotoka

mchambuzi_uchwara:
Hapana, na hapa ndo Wisconsin inawaumbua wachambuzi wa tivii. Harris alipata kura NYINGI kuliko Biden. Biden 2020 alikuwa na 1,630,866, Harris 1,668,229, kaongeza zaidi ya elfu 37. Kashindwa kwa sababu Trump kaongeza zaidi ya elfu 87. Hayo ya kubaki nyumbani yana ukweli majimbo mengine huko, Wisconsin walijaa kila upande.

bint_ziwa:
Na usisahau huku unaweza kujiandikisha siku hiyohiyo ya uchaguzi kituoni, ukiwa na uthibitisho wa unapoishi na kitambulisho cha kupigia kura. Kwahiyo mtu ambaye hajawahi kupiga kura maishani anaamka Jumanne anaamua leo naenda. Halafu kwenye kujiandikisha huku hauulizwi chama, kwa hiyo zile chambuzi za "Democrat waliojiandikisha wamepungua" mnazoziona kwa Pennsylvania huku hazipo kabisa, hamna daftari la hivyo.

njiwa_manga:
Hilo la mtu asiyepigaga kura ndo nilitaka kufika. Zamani ilikuwa hivi, uchaguzi wa rais watu wengi wanatoka Democrat wanashinda, uchaguzi usio wa rais watu wachache Republican wanashinda. Ndo maana Scott Walker wa Republican alichukua ugavana 2010, wakajaribu kumng'oa kwa kura maalum Juni 2012 akashinda tena, miezi mitano baadae Obama akalichukua jimbo hilohilo kwa kama pointi 7, halafu 2014 Walker tena. Watu wakawa wanashangaa kama mtoa mada anavyoshangaa leo.

Sasa hivi imegeuka juu chini. Wasiopigaga kura mara kwa mara wamekuwa wa Trump, wale wa kila uchaguzi hata wa bodi ya shule wamekuwa Democrat. Angalia Aprili 2025, uchaguzi wa jaji tu, Susan Crawford wa upande wa Democrat na Brad Schimel wa upande wa Republican. Elon Musk akaja mwenyewe Green Bay kugawa hundi za dola milioni moja moja, mbio zile zikagharimu kama dola milioni 100, haijawahi kutokea kwa uchaguzi wa jaji. Crawford kashinda kwa pointi 10! Miezi mitano tu baada ya Trump kushinda. Kachukua mpaka Brown, Kenosha, Racine na Winnebago, kaunti za Trump zote hizo. Waliopiga kura ni karibu milioni 2.4 dhidi ya milioni 3.4 za Novemba. Hiyo milioni iliyobaki nyumbani ndo yenye Trump wengi.

Ila siku hiyohiyo wakapitisha kipengele cha kitambulisho cha mpiga kura kiingie kwenye katiba ya jimbo, kwa zaidi ya asilimia 60, jambo ambalo Republican ndo walikuwa wanalitaka. Kwa hiyo hata hao wa Aprili sio kwamba wamemezwa na chama.

Mzee Kifimbo:
Kwa hiyo Musk alipeleka hela kuwaamsha watu akawaamsha wa upande wa pili. Pesa nazo.

kapuku_mtafiti:
Hahaha Mzee. Swali la mwisho wakuu, uchaguzi ujao nikikaa usiku kufuatilia niangalie kaunti ipi nisisubiri mpaka asubuhi? Nimesikia Door ndo huwa inatabiri

bint_ziwa:
Door ilikuwa zamani, 2024 wamempa Harris wakati jimbo limekwenda kwa Trump, ni ile rasi ya kitalii wanaohamia wastaafu wa mjini, imeshabadilika. Angalia Sauk, hawa walimpa Obama, wakampa Trump 2016 kwa kura kama mia moja tu, Biden 2020, Trump 2024. Vituo vinafungwa saa mbili usiku, Sauk wanamaliza mapema. Halafu angalia pengo la Dane limefika ngapi. Kama liko chini ya laki 1 na elfu 90 Democrat aanze kuwa na wasiwasi. Ila Milwaukee utaisubiri tu, hiyo hata ukifanyaje ni usiku wa manane, 2024 hapo walilazimika kurudisha kwenye mashine kura zaidi ya elfu 30 kwa sababu vifuniko vya mashine havikufungwa vizuri, tukakaa macho wote.