BDAG, Thayer au LSJ: kamusi ipi ya Kigiriki ninunue?

Msomi_Nyaraka: Wakuu, nataka kununua kamusi ya Kigiriki cha Biblia. Nimebaki na tatu: BDAG (ya Bauer na Danker), Thayer na LSJ (ya Liddell na Scott, ya Kigiriki cha kale). Hela ipo ya moja tu. Ipi?

Alfa_Omega: Mkuu, unasoma Agano Jipya au Septuaginta, yaani Agano la Kale kwa Kigiriki? Unaweza kukirudisha kitenzi kwenye umbo lake la kamusi? Unataka kitabu au ya simu? Bila hayo tunabahatisha.

MamaLeksika: Kwa Agano Jipya, BDAG, toleo la tatu, Chicago 2000. Inaeleza maana kwanza, ndipo inaleta mistari, Mababa wa Kitume (waandishi Wakristo wa mara baada ya Mitume) na mafunjo (karatasi za kale za Misri). Thayer ni wa 1886. Wanaakiolojia Grenfell na Hunt walianza kuchimbua mafunjo Oxyrhynchus, Misri, majira ya baridi ya 1896–97, kwa hiyo barua na stakabadhi zile hakuziona. Maneno kadhaa aliyodhani ni ya Biblia tu yamekutwa kwenye mafunjo.

Fundi_Koine: Sawa dada, lakini Thayer ni bure. Ubaya wake ni mafaili yanayouzwa kwenye magrupu. Kuna moja limeskaniwa, mashine ikageuza picha kuwa maandishi, alama za pumzi (zinazoonyesha kama neno linaanza na h) na za lafudhi zote zikapotea. Humo εἰς (kuingia) na εἷς (mmoja) ni kitu kimoja. ἐν (ndani ya) na ἕν (kimoja), hivyo hivyo. ἡ (kibainishi cha jinsia ya kike) na ἤ (au) ndiyo usiseme. Unatafuta kihusishi, unaletewa namba, na mwanafunzi mgeni hajui kwamba amepotea. Kabla hujalipia, fungua herufi epsiloni (ε) ukague εἰς na εἷς. Kama hazitofautiani, achana nalo. Afadhali picha za kurasa zenyewe, hata kama hazitafutiki.

Jirani_wa_Efeso: Na kamusi yoyote mtakayochukua, tuache kuhubiri kwamba ἐκκλησία (kusanyiko, kanisa) ni "walioitwa watoke" eti kwa sababu ya ἐκ (kutoka) na καλέω (kuita). Matendo 19:32 linatajwa kwa umati wa Efeso uliojaa vurugu, na wengi hawakujua hata wamekusanyikia nini.

Alfa_Omega: Kwa Efeso nakubali. Ila usiliache hapo, ndugu. Kumbukumbu 31:30 ya Septuaginta ni kusanyiko lote la Israeli. Msomaji wa Paulo anayahitaji yote mawili.

Msomi_Nyaraka: Samahani wakuu, ni Septuaginta. Kozi inaanza na Mwanzo. Vitenzi bado vinanisumbua. Nataka kitabu.

MamaLeksika: Ungeanza na hilo! BDAG haikutungwa kwa ajili ya Septuaginta. Mtafute Muraoka, kamusi ya Septuaginta yenyewe, Peeters 2009. LSJ inaigusa, ila utachambua katikati ya Homeri na Plato, na ipo bure kwenye tovuti ya Logeion. Kuhusu vitenzi: Mwanzo 4:3, Kaini ἤνεγκεν, "akaleta". Ukienda kwenye herufi eta (η) utahangaika bure. Kidahizo chake, yaani umbo la kamusi, ni φέρω.

Fundi_Koine: Kuna kamusi ya Abbott-Smith, 1922, bure pia. Anaonyesha neno la Kiebrania ambalo Septuaginta ililitafsiri. Vidahizo vyake lakini ni vya Agano Jipya.

Jirani_wa_Efeso: Louw na Nida je? Kamusi ya 1988, maneno yamepangwa kwa nyanja 93 za maana. Asinunue juzuu ya kwanza peke yake, faharasa iko ya pili.

Alfa_Omega: Hiyo nayo ni ya Agano Jipya, na mwenzetu yuko kwa Kaini. Msomi, mwalimu ameagiza chapa ipi ya Septuaginta, ya Rahlfs au ya Göttingen?