Mbwa 23, kijana mmoja wa kazi: nipange siku vipi?

Mlezi_Lanet: Wadau, hamjambo. Nina makao ya mbwa waliotupwa, huku Lanet, Nakuru. Kijana mmoja ameacha kazi. Aliyebaki anachota maji, anasafisha vizimba, anapika. Saa sita mbwa hawajala. Nianze na usafi au chakula?

MamaFreeArea: Usafi. Anza na vizimba vya watoto wa mbwa, wagonjwa mwisho, ukitoka kwa mgonjwa na gambuti hizo hizo unasambaza parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa. Zoa kinyesi, osha kwa sabuni, ndipo umwage jiki. Jiki juu ya uchafu ni kutupa pesa.

Jakondele: Huku Kisumu ni ugali na omena ya chenga. Matumbo ya kichinjio chemsha, mabichi yana minyoo inayofika hadi kwa watu. Nilikuwa na mbwa akiitwa Waziri, habari za saa moja zikianza anabweka mpaka ziishe.

Kuku_Kienyeji: Mbwa 23! Na unga bei hii? Nakuru mna pesa.

DaktariWaNgombe: Kijana aliacha kwa nini?

Mlezi_Lanet: Mambo ya nyumbani.

DaktariWaNgombe: Mambo gani, bosi?

Mlezi_Lanet: Sawa. Jumamosi aling'atwa kiganjani. Kidogo tu, akapaka spiriti. Mbwa mwenyewe tulimtoa jaa la Gioto, chanjo yake siijui. Lakini anakula vizuri, na mzee wa Njoro anamchukua kesho awe mlinzi. Ameshatuma nauli.

DaktariWaNgombe: Mbwa haendi popote. Mfungie peke yake siku 10, atazamwe. Kama alikuwa na kichaa cha mbwa alipong'ata, ndani ya siku hizo utaona dalili au atakufa. Kijana naye asingoje hizo siku: aoshe kidonda sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, aende hospitali akaanze chanjo. Dalili zikishamwanza mtu, hakuna tiba.

Mlezi_Lanet: Chanjo si sindano moja, daktari. Nani analipa? Na nauli ya mzee nimeshanunulia unga.

MzeeBondeni: Mtoto wa watu aking'atwa kwako ni wako. Zamani tulijua hivyo.

Shuku_Kwanza: Ngojeni. Akaunti imefunguliwa leo. Juzi alikuja mwingine na punda mgonjwa, tukalia naye wee, mwisho akaweka namba ya michango. Picha ya mbwa iko wapi?

Kuku_Kienyeji: Namba inakuja, tulieni 😂

Mlezi_Lanet: Nimeomba shilingi ya nani hapa?

DaktariWaNgombe: Hadithi au si hadithi, kijana yuko wapi?

Mlezi_Lanet: Kwao Molo. Nimempigia, ataenda nikimtumia pesa. Lakini mzee wa Njoro sasa anataka kadi ya chanjo. Daktari, huwezi kunijazia moja ya mwezi jana?

Shuku_Kwanza: Haya, nimeamini. Tapeli angejipanga.

DaktariWaNgombe: Kadi sijazi. Tuma ya kijana kwanza, halafu niambie ni Lanet upande gani. Kesho asubuhi nitapita.