Gari la zamani linaingiza maji kila mvua ikinyesha, nimeshaziba sana bado sakafu inalowa

pua_juu

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada maana nimefika mahali sijui nishike lipi. Nina sedani ya zamani, umri umeshapita miaka 20, injini iko vizuri na bodi haijachoka, ila tangu mvua zianze sakafu ya nyuma ya siti ya abiria inajaa maji. Sisemi unyevu, nasema maji, kapeti limelowa chapachapa, ukikanyaga yanapanda mpaka juu ya soli. Ajabu ni kwamba pale mbele abiria anapoweka miguu ukipapasa kapeti kwa juu ni kavu kabisa. Asubuhi vioo vyote vina ukungu kwa ndani, nafuta wee ndo niondoke, na sasa harufu ya uvundo imeanza, mtoto wangu akipanda anapiga chafya njia nzima na hapo ndo niliposema hili jambo lazima liishe.

Fundi wa kwanza aliangalia dakika chache akasema raba ya mlango wa nyuma imekufa, nikanunua, akabadilisha, mvua ikaja maji yakawa yaleyale. Wa pili akapiga silikoni kuzunguka kioo cha nyuma, kwenye taa za nyuma na juu ya paa kwenye ile mifereji, sasa gari lina michirizi kila upande na maji bado yanaingia. Sanrufu (kile kioo cha kufungua juu ya paa) halina. Nalilaza nje kwenye mwinuko kidogo, pua inatazama juu. Halijagongwa wala kupigwa rangi tangu nilinunue, kitu pekee kilichofanyika ni mwaka jana mlango wa mbele wa abiria ulifunguliwa kubadilisha mashine ya kupandisha kioo. Nianzie wapi? Siti naogopa kung'oa kabla sijajua natafuta nini.

tochi_mkononi

Pole sana mkuu. Kabla hujang'oa chochote hakikisha kwanza hayo ni maji ya mvua. Kandamiza tishu nyeupe kwenye kapeti halafu iangalie na uinuse. Ikitoka na rangi, inateleza vidoleni na ina harufu ya utamu utamu, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini), ina maana rediyeta ndogo ya hita iliyoko nyuma ya dashibodi inavuja, na hapo utaona hata kwenye tangi kiwango kinashuka. Ikitoka maji masafi lakini inalowa hata siku ya jua kali ukiwa umewasha AC, basi angalia ule mpira wa kutolea maji ya AC, ukiziba maji yote yanayotakiwa kudondoka chini ya gari yanarudi ndani. Je unatumia AC?

pua_juu

Asante mkuu. Tishu imetoka na maji masafi, yana uchafu kidogo tu wa vumbi, hayanuki kitu zaidi ya uvundo. Kulanti haijashuka. AC ilishakufa kitambo siiwashi. Na wiki ile ambayo mvua haikunyesha maji hayakuongezeka, kwahiyo ni mvua tu.

bati_na_raba

Mimi ni fundi bodi, kazi hii nimeifanya miaka mingi, naomba usome taratibu.

Mahali maji yalipotuama sio mahali yalipoingilia. Hili ndo linawapoteza wengi, mafundi wenzangu wakiwemo, wanaona nyuma pamelowa wanaziba nyuma. Chini ya kapeti kuna sponji nene na chini ya sponji kuna bati lenye mabonde, maji yakishafika pale yanatembea yanakotaka, na gari lako linalala pua juu, kwahiyo tone lililoingia mbele usiku kucha linateremka kwenda nyuma. Ndo maana mbele kwa juu pakavu. Nakuomba ufanye hivi: kwapua ile plastiki ya kizingiti cha mlango wa mbele, inua kapeti kwa pembeni, ingiza mkono mpaka chini ya sponji. Nina uhakika mkubwa utakuta pamelowa.

Ukikuta hivyo usizibe kitu chochote kwanza. Kausha. Fungua siti ya abiria (kwa kawaida ni bolti nne, ila chomoa terminali ya betri kwanza kama chini ya siti kuna waya za eabegi), kunja kapeti, chota maji, futa bati mpaka liwe kavu kweli. Ukishakausha, nyunyiza poda ya mtoto au paka chaki kwenye bati na pembeni pote chini ya dashibodi, tone likipita litaacha njia yake na njia hiyo utaifuata kupanda juu mpaka chanzo.

Halafu tafuta mtu wa pili. Mmoja anakaa ndani na tochi, mmoja yuko nje na mpira wa maji, maji yatoke taratibu bila presha. Anzia CHINI upande juu. Narudia, chini kwenda juu, maana ukianza na paa maji yanateremka na kupita kila sehemu na hutajua ni ipi iliyoingiza. Mwagia kizingiti dakika tano, hamna kitu, panda kwenye nusu ya chini ya mlango, kisha pale kioo kinapozama kwenye mlango, kisha raba za juu, kisha chini ya waipa, kisha kioo cha mbele, paa mwishoni. Sehemu moja kwa wakati na usiwe na haraka, kuna tundu ambazo zinachukua dakika nzima kabla tone la kwanza halijaonekana.

Kwa gari lako nashuku sehemu mbili. Ya kwanza ni ile plastiki chini ya waipa, pale majani na vumbi vinajaa, matundu ya kutolea maji yanaziba, linakuwa bwawa, maji yakipanda yanaingia kwenye njia ya hewa ya feni. Ya pili ni huo mlango uliofunguliwa mwaka jana, na huo ndo unaonisumbua zaidi.

njia_panda

Mbona rahisi, peleka sehemu ya kuoshea magari, wapige presha kubwa kila kona wewe ukiwa ndani, dakika 10 tu utaona panapovuja.

bati_na_raba

Hapana ndugu yangu, hapo utampoteza. Presha ile inasukuma maji kupita kwenye raba nzima ambayo mvua haiwezi kuipita, atapata mivujo mitano ya uongo na ule wa kweli asiuone. Mvua inadondoka na kuteremka, haisukumi.

Kama hataki maji mengi kuna njia nyingine nzuri: funga vioo na milango yote, weka hewa iwe inavutwa kutoka nje, feni mwisho kabisa, halafu nje upake maji ya sabuni na brashi kwenye raba na maungio. Hewa inayotafuta pa kutokea itatoa mapovu. Inasaidia sana kwa raba na kioo cha mbele, ila kwa maji yanayopitia ndani ya mlango haitakuonyesha kitu, hapo ni mpira wa maji tu.

mama_wawili

Naongezea kwa sababu yalinikuta. Usichelewe, kwenye gari yangu kulikuwa na kiboksi cha kontroo chini ya kapeti upande wa abiria, maji yalikaa miezi kadhaa, pini zote zikaota kutu ya kijani, gari ikawa inazima taa na kuwasha yenyewe. Kilichonigharimu sio bati, ni umeme. Kaka ukiinua kapeti angalia soketi zote zilizoko huko chini, zikiwa zimelowa zichomoe uzikaushe kabla hujawasha gari.

pua_juu

Wakuu nimerudi, na nimepata!

Jumamosi nilikwapua kizingiti cha mbele kama nilivyoelekezwa, mkono chini ya sponji, maji. Nikashtuka kwa kweli maana kwa juu pakavu kama hakuna kitu. Nikatoa siti, nikakunja kapeti, sponji peke yake niliikamua ikajaza zaidi ya nusu ndoo. Soketi moja ilikuwa imeanza kuwa na unga wa kijani kwenye pini mbili, nimeisafisha na kuikausha, dada mama_wawili Mungu akubariki.

Jumapili nikamkalisha mdogo wangu nje na mpira, mimi ndani na tochi nimelala kifudifudi. Kizingiti hamna kitu. Chini ya mlango hamna kitu. Alipoanza kumwagia kioo, maji yakawa yanateremka na kuzama kwenye mlango kama kawaida, nikahesabu moyoni, kama dakika mbili hivi, nikaona tone linatokea chini kabisa ya paneli ya mlango, kwa NDANI ya raba. Likaning'inia, likadondoka juu ya kizingiti, likapita chini ya plastiki likaacha mstari kwenye poda. Halafu la pili. Halafu yakawa yanafuatana. Muda wote huo raba ya mlango iko kavu haina kosa lolote.

Nimefungua paneli, ile nailoni inayobandikwa kwenye bati la ndani imechanwa kona ya chini na nusu yake haijagusa gundi, imeachwa inaning'inia. Aliyebadilisha mashine ya kioo aliivuta akairudisha hivyohivyo. Na ile plastiki chini ya waipa nayo nimeifungua, majani yameoza humo, tundu moja limeziba kabisa, ila hata kabla sijazibua nilimwagia hakuingia kitu ndani.

Sasa nibandike na nini? Silikoni ninayo iliyobaki.

bati_na_raba

Umefanya kazi safi kuliko mafundi wengi. Silikoni weka pembeni. Ile inayonuka siki inaharakisha kutu kwenye bati lililo wazi, na siku ukitaka kufungua mlango tena utaichana nailoni yote. Tafuta gundi ya butili, ile nyeusi inayonata kama ulimbo, inauzwa kama kamba iliyoviringishwa. Futa bati na spiriti, likauke, zungusha kamba moja isiyokatika, bandika nailoni mpya nzito, na muhimu kuliko yote, ncha ya chini ya nailoni iingie ndani ya ule mwanya wa bati ili maji yakiteremka yarudi ndani ya mlango. Maji kuingia kwenye mlango ni kawaida, kila gari liko hivyo, mlango umetengenezewa matundu chini ya kuyatoa. Hayo matundu yazibue na kipande cha waya laini, yakiziba mlango unajaa na kuoza kuanzia chini.

Sponji usiirudishe ikiwa na unyevu hata kidogo. Itachukua siku kadhaa juani na upepo, igeuze geuze. Ukifunika mbichi uvundo utarudi na bati litaota kutu kimyakimya. Ukiona bati lina kutu tayari, kwangua, paka dawa ya kutu, paka rangi, ndo ufunike.

pua_juu

Nimebandika juzi kama ulivyosema. Usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha kubwa mpaka alfajiri. Nililaza tishu kavu kwenye bati mbele na nyuma, asubuhi zote kavu, vioo havina ukungu. Sponji bado iko nje kwenye kamba, kwa ndani ukiiminya bado ina ubaridi, kwahiyo siti naiacha ghalani mpaka wiki ijayo. Silikoni ya kwenye paa nimeanza kuikwangua na kipande cha plastiki, inatoka taratibu.

tochi_mkononi

Hiyo ya kwenye paa ukimaliza kuitoa angalia gundi ya maungio iliyoko chini yake kama haijapasuka, kwa magari ya umri huo huwa inakauka na kufanya nyufa. Iwapo imepasuka weka gundi ya bodi inayokubali rangi, usirudie silikoni.